Gadenia na Mkono wa Kulia

Jumapili, 2 Machi 2025

Naandika kwa kushoto. Herufi zinalewa. Maxine, yule wa mazoezi ya viungo hospitalini, amesema niandike kila nikipata nguvu. Kiharusi kilinipata Januari nikiwa kwa cherehani. Mkono wa kulia umelala tu. Basi. Nimechoka.

Jumatano, 5 Machi

Binti yetu Gatwiri amekuja kutoka Embu anakofundisha. Ameleta mmea kwenye mkebe — gadenia, ile fupi isiyopita goti. Anasema haipukutishi majani mwaka mzima, na ua lake jeupe linanukia hadi kwa jirani.

"Hii ni yako, Baba. Mama asiiguse."

Nikamwuliza, niitunze kwa mkono gani? Akasema huo huo uliolala.

Mimi fundi. Watoto wa hapa kwetu Muthara wamevaa yunifomu zangu tangu nikiwa kijana. Leo napewa maua.

Jumatatu, 24 Machi

Majani yamegeuka manjano. Mishipa tu ndiyo imebaki kijani. Na maji naipa kila siku, kama ng'ombe!

Mungu anisamehe, nilifurahi kidogo. Nikaiambia, hata wewe umeshindwa.

Kathure alinisikia. Mke wangu si mtu wa maneno mengi. Alisema, "Baba Gatwiri, ukiiacha ife, usiniambie tena kwamba unajaribu." Akaenda zake kukama.

Nimemnunia siku nzima. Yeye hata hajaona.

Jumanne, 8 Aprili

Gatwiri ameuliza mtu wa miche huko Embu. Shida ni maji yetu ya bomba, haya yanayoacha ukoko mweupe kwa sufuria. Gadenia haiyataki. Inataka maji ya mvua na udongo mchachu, kama ule wa majani chai. Na mizizi yake isikae kwa tope.

Jana akinipigia kunieleza, Kathure alikuwa anasikiliza. Asubuhi hakuniaga. Alipanda kwao, kule juu kwenye chai, akarudi na gunia la udongo mgongoni. Akalitua mbele yangu, akaingia ndani kupika.

Mmea nimeuhamisha mwenyewe. Mkono wa kushoto ulishika shina, wa kulia ukasukuma udongo. Ulisukuma — kwa kiganja, si kwa vidole, lakini ulisukuma. Nilirudia, nihakikishe sijidanganyi. Ukasukuma tena.

Mvua imeanza. Nimeweka ndoo chini ya mabati.

Jumamosi, 17 Mei

Kijani! Kila ncha ina majani mapya, yanang'aa kama yamepakwa mafuta.

Leo nimeipogoa. Mkasi wangu wa kukatia vitambaa ni mzito, nikachukua ule mdogo wa nyuzi. Nikauvisha vidole vya kulia kimoja kimoja, kama kumvisha mtoto viatu. Ukaanguka. Nikauokota. Ukaanguka tena. Kathure alikuwa anachambua maharagwe pale karibu. Hakuinuka kunisaidia, na nilimshukuru moyoni.

Halafu nikasikia — tap. Tawi limekatika.

Matawi yaliyokatwa nimeyachomeka kwenye mchanga mbichi, nikayafunika na chupa za plastiki nilizokata matako. Yakishika mizizi, nitakuwa na watoto.

Ijumaa, 13 Juni

Hii ni ya mkono wa kulia. Mbaya. Lakini ni ya kulia.

Alhamisi, 18 Septemba

Sikuandika muda mrefu kwa sababu nilikuwa na kazi. Ni vizuri kuandika hivyo!

Vile vipande vimeshika, karibu vyote. Nimevihamishia kwenye mikebe, vimepangwa ukutani kama darasa. Mama yao alitoa matumba ya maua mwezi uliopita, yote yakaanguka kabla ya kufunguka. Kosa langu. Kila mgeni akija naibeba kumwonyesha: leo kivulini, kesho juani, kesho kutwa mezani. Mwishowe Kathure akasema, "Si mtoto wa kubatizwa huyu. Mwache akae." Nimeiacha ikae, mahali penye jua la asubuhi. Matumba mapya yametoka, na yameshikilia.

Jambo lingine. Juzi nilitoa shuka lililofunika cherehani. Nikamshonea Kathure aproni. Mshono umepinda kama njia ya mbuzi. Ameivaa hadi sokoni, na alipoulizwa akasema imeshonwa na fundi wake.

Jumapili, 12 Oktoba

Limefunguka.

Nililinusa kabla ya kuliona. Kathure akatoka jikoni, mikono yote unga. Akainama, akanusa, akakaa chini pale pale kwenye ngazi, akacheka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu mwaka uanze. Nililikata mwenyewe, kwa kulia, nikamchomekea kwa kitambaa cha kichwa. Kanisani wanawake waligeuka mstari mzima. Nilitembea nyuma yake kama bwana harusi.

Baada ya ibada Regina akanifuata. Mume wake ni Kailemia, yule wa lori la ndizi za Mitunguu. Kiharusi kilimpata Agosti. Regina anasema hataki kutoka kitandani, hataki mazoezi, hataki hata kuombewa. "Wewe ulianza na nini?" akaniuliza. Nikamwambia nitakuja.

Jumanne, 14 Oktoba

Naandika nikiwa kwa Kailemia, kwenye kiti kando ya kitanda chake. Nimeleta mmoja wa wale watoto wa gadenia, mwenye majani mazuri zaidi.

Aliutazama mmea, akanitazama. "Thuranira, mimi ni dereva. Maua ni ya wanawake." Nikamwambia hata mimi nilikataa. Akageukia ukuta. Regina akaanza kuniomba msamaha kwa macho, nikamwashiria atuache.

Nimeweka mkebe juu ya blanketi, karibu na ule mkono wake mbaya, nikatoa kalamu nikaanza kuandika haya.

Sasa ameongea, bado anatazama ukuta: "Toa hicho kitu. Kinanimwagia udongo kitandani."

Nimemwambia, toa mwenyewe.

Amenitukana kwa Kimeru, tusi la barabarani, la nguvu. Sijainuka.

Blanketi limesogea kidogo, pale penye ule mkono —