Kilima cha Baba Mbele ya Mzinga

Shikamoo, mama. Nakuandikia kutoka Masieda, kwenye nyumba ileile uliyokataa hadi mwisho kuiita nyumbani.

Unakumbuka mzinga mdogo ulioletwa kwenye shamba la ngano kule Hanang, wa kutawanya ndege waharibifu, kweleakwelea? Mtutu wake ulichongwa mifereji iliyojipinda ndani, ili kombora litoke likizunguka na kuruka ncha mbele. Kazi yangu ilikuwa kutundika karatasi kwenye fremu tano, moja nyuma ya nyingine, kisha kupima matundu. Tundu la duara, kombora limetulia. Tundu refu, kama la kisu, kombora limepita kiubavu.

Makombora yalihitaji mahali pa kuzama. Mtaalamu aliyekuja na mzinga akanyooshea kidole kilima cha baba, kile ambacho wazee walikijenga juu ya kaburi lake kwa udongo na miti, miezi mingi, wakiimba.

"Kile ni nini?"

Siku chache kabla, jirani yetu aliwaambia wenye shamba kwamba ana makaburi ndani ya mpaka wao. Kesho yake trekta lilipita katikati ya boma lake. Nikakutazama wewe na ng'ombe wetu pale ukingoni mwa shamba.

"Kichuguu, bwana."

Jioni uliniuliza nimejibu nini. Nilipokuambia, hukuacha kukamua.

"Basi wewe ni mtoto wa mchwa," ukasema.

Wiki nzima matundu yalikuwa marefu. Wakaleta mtutu mwingine, mifereji yake imejipinda zaidi, na asubuhi moja karatasi zote tano zikatoboka duara safi. Mtaalamu alinipa mkono. Nyuma ya karatasi ya tano, ubavu wa kilima ulikuwa umebomoka. Niliandika vipimo kwa mwandiko mzuri. Mvua zilipoanza, tulihamishwa hata hivyo, tukaletwa huku Masieda.

Mwezi uliopita walikuja vijana wanaoorodhesha makaburi yaliyolimwa. Niliwaeleza yote, hata idadi ya hatua kutoka kwenye zizi letu.

"Babu, tunakuamini," alisema mmoja, "ila fomu inataka shahidi wa pili, aliyekiona hicho kilima kwa macho."

Nikawataja wazee mmoja mmoja. Wote wamekwisha. Ndipo nikalitaja jina lako, bila kufikiri. Kijana akaliandika vizuri, kisha akauliza unaishi wapi.

Nikatazama nje, mama, kwenye kaburi lako. Akaniachia fomu niijaze mwenyewe. Iko hapa mezani.

Mwanao wa kwanza