Ile sarafu ya Keiko

Marlène, Mama ametupa ile sarafu ya Keiko. Ameitupa chooni, akavuta maji.

Ameikuta chini ya mto wangu, imefungwa uzi mwekundu. Sarafu yenye tundu, Marlène! Kwa Mama hiyo ni dawa. Anasema kule Uvira mganga alimfunga bibi kiunoni sarafu ya tundu kama hiyo, ya wakati wa Wabelgiji. Akaniuliza, "Nani anakuroga humu Kingstanding, hapa Uingereza?"

Halafu maombi. "Kwa jina la Yesu, toka!" Jirani akagonga ukuta. Mama akavuta maji tena.

Mimi nilisimama tu mlangoni. Mama hajui kuwa ni ya Keiko.

Keiko alinipa jana kazini, akiniaga kabla ya ndege ya leo asubuhi ya kurudi kwao Japani. Alinionyesha picha zilizochorwa juu yake: suke la mpunga, mistari ya maji, na meno ya gia yakizunguka tundu. Akasema kwao hiyo sarafu ya yeni tano wanapeana watu wasiotaka kupoteana.

Sasa Mama ametulia, anatwanga sombe, majani ya muhogo. Ameniita jikoni.

"Yule Keiko wako anapenda sombe yangu. Mwambie aje Jumapili."

Nimesema, "Sawa, Mama."