Waya Mbili Zinazoning'inia

Mjukuu wangu Akiru,

Ejok? Huku Lodwar tu wazima. Mbuzi wako amezaa mapacha, na nyanya yako anauliza kama huko Kakuma unakula vizuri.

Umeniuliza waya za king'amuzi zinaingiaje kwenye hiyo rekoda ya kunasa vipindi vya runinga uliyojiundia. Ya njano hubeba picha. Nyekundu na nyeupe hubeba sauti. Mimi nilipounda yangu kwa kompyuta kuukuu, nilichomeka ya njano peke yake, siku ambayo kwaya ya nyanya yako ilionyeshwa kwenye runinga. Tulipoketi kutazama nilichorekodi, midomo inacheza, sauti hakuna. Nilitamani ardhi inimeze.

Nyanya yako akacheka, akasimama, akauimba wimbo wote akifuata midomo yake mwenyewe. Miaka yote ile nilikuwa nimemsikia katikati ya wenzake tu. Siku hiyo nilimsikia yeye.

Jumapili iliyofuata kipindi kilirudiwa. Kosa nilishalijua, lakini waya zile mbili niliziacha zikining'inia. Hadi leo wageni wakija nawasha picha ile, naye husimama akaimba.

Wewe chomeka zote tatu. Ila nyanya yako usimwambie.

Ni mimi babu yako.