Kioko Amepata Choo

Mama Mwende,

Nakuandikia nikiwa Ikutha, nyumbani kwa mdogo wangu Kioko. Nina habari ambayo wewe unastahili kuipata kabla ya mtu mwingine: Kioko amepata choo.

Usicheke. Saratani iliyokuchukua imemshika naye, na amepewa mofini ya maji ya kutuliza maumivu, ile ile uliyokuwa ukinywa. Siku za kwanza alisinzia kijiko kikiwa mkononi, akajikuna pua, akatapika. Mkewe Kalunde alitaka kuimwaga. "Mwalimu, hii inamuua!" Maneno yangu mwenyewe, Mama Mwende. Ndivyo nilivyosema nilipokunyang'anya yako, nikidhani nakuokoa. Nawe ukaumia.

Safari hii niliuliza. Muuguzi alisema usingizi na kichefuchefu hupungua kwa wengi baada ya siku chache. Ila mgonjwa akiwa mgumu kuamka, au pumzi zikienda polepole mno, tuite msaada mara moja. Choo kigumu, alisema, hakiishi chenyewe: dawa ya kulainisha hunywewa kila siku pamoja na mofini.

Dawa hiyo ya kulainisha hatukuiona nyumbani. Siku ya sita tumbo la Kioko lilikuwa limekaza, naye akagoma kunywa mofini. "Afadhali maumivu, kaka." Nilimwona akielekea ulikopita wewe.

Kumbe Kalunde alikuwa ameificha ndani ya kiondo, kikapu chake cha sokoni! Aliona haya kutaja choo mbele yangu, shemeji yake mkubwa. Basi neno hilo nikalitamka mimi, kwa sauti ya darasani, mara tatu. Kalunde alifunika uso kwa leso, kisha akaitoa dawa, Kioko akanywa.

Kesho yake asubuhi Kioko alikaa msalani muda mrefu hata tukagonga mlango. "Niacheni, niko kazini!" Kalunde akapiga vigelegele, majirani wakaja mbio wakiuliza ni mtoto gani amezaliwa.

Hatapona, tunajua. Lakini anakunywa mofini yake kwa saa alizopangiwa, anakula muthokoi wake wa mahindi na maharagwe, na jana aliketi nje akimtukana mnunuzi wa mbuzi kwa bei aliyotaja. Maumivu hayamtawali tena.

Mke wangu, nisamehe. Jumapili nitasimama mbele ya kanisa letu nieleze nilichokufanyia, nikitaja na choo, mchungaji apende asipende. Katika viti vile wamo wanaowafanyia wagonjwa wao vivyo hivyo leo. Nakuahidi watanisikia hadi safu ya nyuma.

Lala salama.

Mumeo,
Mwalimu