Mpakani, Ukiulizwa Kazi

Mjukuu wangu Mwamini,

Wengi wasio na kazi hukosea mpakani: hujiita wafanyabiashara. Kijana aliyenitangulia hapa Kigoma alisema hivyo. Alipoulizwa anauza nini, alitaja nguo, kisha samaki, akawekwa kando. Kisha ikawa zamu yangu mbele ya afisa wa uhamiaji.

"Mzee, unafanya kazi gani?"

"Kazi sina, mwanangu. Niko na shamba ya mpunga kule kwetu Kasongo."

"Utarudi kweli?"

"Nisiporudi, ndege watamaliza mpunga wangu wote!"

Afisa akacheka, akagonga muhuri.

Sasa dada yako Zena amenikaangia migebuka, samaki wa ziwani, na kichanga chake kimelala kifuani pangu. Anakuhitaji, mama. Usiogope kusema huna kazi; maafisa wanataka kujua unafikia kwa nani na nini kitakurudisha nyumbani. Tunakungoja kwa upendo. Leo mpigie Zena, umuulize jina la mtaa wake.

Babu yako