Walikuja Kuchukua Viatu

Jumatatu. Mvua ya Tukuyu haijakatika tangu alfajiri, na baridi inapenya mpaka ndani ya plasta.

Niko wodini. Mguu wangu wa kulia ulivunjika juzi, mechi ya mwisho ya msimu, nikimzuia mshambuliaji asifunge. Nilizimia palepale. Hata leo asubuhi nilikuwa bado sijui matokeo. Kila niliyemuuliza aliniambia nipumzike kwanza.

Tulihitaji sare tu tubaki ligi kuu.

Mchana wakaingia mwenyekiti wa timu na mtunza vifaa. Nilifurahi hadi nikajaribu kuketi. Mwenyekiti ni mfanyabiashara wa mitumba. Ndiye aliyeichukua timu pale kiwanda cha chai kilichoimiliki kilipouzwa, na mwenye mali mpya akasema yeye ananunua majani, hanunui mabao. Msimu mzima nimemtetea mbele ya wenzangu. Njaa tuliyocheza nayo niliiita uvumilivu.

"Pole," akasema. Kisha, "Viatu viko wapi?"

Mama, aliyekuja kwa miguu kutoka kijijini kwetu Kisondela kuniuguza, akainama chini ya kitanda. Alikuwa ameviosha. Cha kushoto kizima. Cha kulia kilikatwa kwa mkasi toka kwenye kamba hadi kisiginoni, maana mguu ulikuwa umevimba na hakikuvulika.

Mwenyekiti akakigeuzageuza. "Nani kaharibu mali ya timu?"

Nikamuuliza, "Mzee, tulipata sare?"

"Sare ya wapi! Rafu yako ndiyo iliyozaa penalti. Tumeshuka."

Mtunza vifaa akatazama dirishani. Wakaondoka na viatu vyote viwili, hata kile kilichokatwa.

Mama akaniuliza taratibu, "Baba, ndio hao uliovunjika mguu kwa ajili yao?"

Nikageukia ukutani.

Msimu huu umenifunza nini? Kwamba jukwaa lililoimba jina langu halijui njia ya wodini. Kwamba nami nilihesabiwa pamoja na vifaa.

Daktari anasema mfupa utaunga. Mama anataka nirudi nyumbani tulime migomba, na nimemwitikia kwa kichwa, akatabasamu.

Lakini najijua.

Msimu ukianza, mwenyekiti yuleyule akituma mtu aniite, nitakwenda nikichechemea.