Vidole vya Msusi

Dada yangu mpenzi,

Huku hatujambo. Paa limezibwa, na binti yangu ameingia darasa la saba.

Yale mabaka meupe sasa yameenea vidole vyote. Daktari anasema ni mbalanga: mwili wenyewe unaua chembe zinazoipa ngozi rangi. Haiumi wala haiambukizi, ila rangi huenda isirudi tena.

Jumanne nilikuwa namsuka mwalimu, mteja wangu kwa miaka tisa sasa. Nilipofika nusu ya kichwa, akaviona vidole vyangu kwenye kioo, akainuka.

"Hauambukizi ugonjwa huu," nikamwambia.

"Najua, shoga yangu. Nimeacha chungu jikoni."

Akajifunga kitambaa, akaondoka na nywele nusu. Tangu siku hiyo mwenye saluni amenipa kazi ya kufua taulo.

Jana binti yangu alirudi nyumbani amesukwa na jirani. Tangu azaliwe hakuwahi kusukwa na mtu mwingine ila mimi.

"Sikutaka kukuchosha, mama," akasema, macho chini.

Nikamwambia amependeza.

Wabusu watoto. Mama usimwambie bado.

Ni mimi, mdogo wako.